Huku juu amekula nani?

Kopo lilikuwa la bati, la mviringo, na mkono wake wa waya ulichomelewa ubavuni. Ukilijaza maharage na kulisawazisha kwa kibao, lilibeba kilo 1 na gramu 800: gramu 60 kwa siku, siku 30, mtu mmoja. Makopo yalikuwa 40. Niliyapima yote mimi mwenyewe, moja baada ya jingine, kwenye mizani ya ghala, nikatia sahihi. Wakati huo nilikuwa mhasibu wa ghala katika shirika la misaada lililokuwa likigawa chakula kwenye kambi ya wakimbizi.

Mwaka 2022 tukapokea maagizo kwamba kuanzia mwezi unaofuata mgao ushuke hadi asilimia 60. Mkuu wa ghala akaona bora makopo yakatwe kuliko kuwaachia wagawaji wakisie kwa macho, maana kukisia kwa macho ndiko kunakoleta ugomvi na upendeleo. Akaitwa fundi wa bati. Alishinda nje ya ghala kutwa nzima, anakata kwenye mstari niliomchorea, halafu anachukua tupa na kulainisha ukingo, polepole, mzunguko mzima, asije mtu akajikata mkono. Alikuwa fundi mwema. Jioni pembeni yake palikuwa na rundo la pete za bati, upana wake kama vidole vinne, na makopo 40 ya gramu 1,080.

Siku ya mgao mama mmoja alilichukua kopo mkononi mwa mgawaji. Akalitazama ndani, akapitisha kidole ukingoni, akanigeukia mimi niliyekuwa nimeshika daftari.

"Mwanangu, huku juu amekula nani?"

Nikamwambia, "Mama, fedha zimepungua."

"Zimepungua zikaenda wapi?"

Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake. Sikumjibu. Akapokea chake akaenda. Nimekaa na swali lile miaka kadhaa sasa, na kwa kuwa kazi yangu ni kufuata fedha zilikokwenda, nimelifuata kama ninavyofuata pengo lolote kwenye vitabu.

Jibu la haraka, ambalo nililitumia kwa miezi kadhaa nikiulizwa, lilikuwa vita. Februari 2022 Urusi ilivamia Ukraine. Nchi hizo mbili kwa pamoja zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano yote inayouzwa kati ya nchi na nchi. Bandari za Ukraine kwenye Bahari Nyeusi zikafungwa, bei ya nafaka ikaruka, mafuta na mbolea vikafuata, nauli za meli nazo. Julai mwaka huohuo Umoja wa Mataifa na Uturuki walisimamia mapatano yaliyofungua njia ya meli, na karibu tani milioni 33 za nafaka na vyakula vingine zikapita kabla Urusi haijajitoa Julai 2023. Ghalani kwetu habari zote hizo zilifika kama namba moja: dola zilezile, magunia pungufu. Kwa hiyo si uongo kusema vita vilikula. Lakini mhasibu akipewa sababu moja kwa pengo zima anapaswa kushtuka, na mimi nilichelewa kushtuka.

Nilikuja kuangalia upande wa pili wa hesabu, upande wa watoaji. Kwenye karatasi, 2022 ulikuwa mwaka wa rekodi. Nchi tajiri zilitangaza misaada ya maendeleo ya zaidi ya dola bilioni 200, kiasi ambacho hazikuwa zimewahi kukifikia. Sasa inakuwaje mwaka wa rekodi ya misaada uwe mwaka wa kukata makopo? Ukisoma mafungu ya ndani unaona. Kanuni za kuhesabu misaada zinairuhusu nchi tajiri ihesabu kama msaada gharama za kumhifadhi mkimbizi ndani ya nchi yake yenyewe kwa miezi 12 ya kwanza. Mwaka ule gharama hizo zilikuwa takribani asilimia 14 ya misaada yote, karibu dola bilioni 30. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: zaidi ya robo ya bajeti yake yote ya misaada ilitumika kwa wakimbizi na waomba hifadhi waliokuwa ndani ya Uingereza. Fedha hizo hazikuvuka mpaka wowote. Zililipa hoteli na nyumba za hukohuko, zikaandikwa kwenye safu ya msaada kwa maskini wa dunia.

Hapa nataka nieleweke vizuri. Mama aliyekimbia mji wa Kharkiv, Ukraine, na watoto wawili na begi moja anastahili kitanda chake, na sina kinyongo naye hata chembe. Yeye na yule mama wa kopo wamepatwa na jambo moja. Ninachokataa ni kitanda cha mmoja kulipwa kwa maharage ya mwenzake, wakati waliopanga hivyo hawakupunguza chochote mezani kwao. Mzigo wa kumpokea mgeni ulikuwa wa mwenye nyumba. Akaupokea hadharani, akasifiwa, kisha kimyakimya akaupitisha kwa mtu wa mbali asiye na kura wala kipaza sauti.

Tangu nilipoona hivyo nimeacha kusema vita vilikata kopo. Vita havikati kopo. Vinaleta hasara, halafu mtu fulani, kwenye kikao chenye ajenda na muhtasari, anaamua hasara hiyo iandikwe kwa nani. Hayo ni matendo mawili, yametendwa na watu wawili tofauti, na kila mmoja ana hesabu yake ya kujibu. Aliyevamia anajibu kwa uvamizi. Hawezi kujibia pia uamuzi wa waziri wa fedha wa nchi nyingine aliyekaa akaona kwamba kati ya matumizi yote ya serikali yake, la kukatwa ni fungu la misaada.

Watu wenye hekima wamefikiri juu ya maadili ya vita kwa karne nyingi, na nimewasoma kwa heshima kadiri nilivyoweza. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas aliweka masharti matatu ili vita viwe vya haki: vitangazwe na mwenye mamlaka, viwe na sababu ya haki, na nia iwe njema. Waliomfuata wakaongeza sharti la uwiano, kwamba madhara yasizidi kile kinachotafutwa. Sheria za kimataifa za leo zimerithi mengi ya hayo. Itifaki ya kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inakataza kuwafanya raia wafe njaa kama mbinu ya kivita, na inakataza kuharibu mashamba, mifugo na visima wanavyovitegemea. Mwaka 2018 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2417 kukemea njaa inayotumiwa kama silaha.

Sasa soma yote hayo ukiwa umesimama kwenye foleni ya yule mama. Uwiano unapopimwa, anahesabiwa raia aliye jirani na daraja litakalolipuliwa. Njaa inayokatazwa ni ile iliyokusudiwa, ya mji uliozingirwa. Mtu aliye mabara mawili mbali, ambaye hakuna aliyekusudia afe njaa na hakuna aliyekusudia ale, hayumo kwenye mizani hata kidogo. Tuna methali yetu ya tembo na nyasi, tunaipenda na tunaitumia kila mahali. Lakini nyasi za kwenye methali ziko chini ya miguu ya wapiganaji. Methali haikuwaza nyasi za nchi ambayo tembo hao hawajawahi kukanyaga.

Kuna wosia mmoja wa zamani unaonigusa kuliko masharti ya wanafalsafa. Imesimuliwa kwamba khalifa Abu Bakr, alipokuwa akituma jeshi kwenda Sham, yaani eneo la Syria, aliwaagiza wasiue mwanamke, mtoto wala mzee, wasikate mti wenye matunda, na wasichinje kondoo au ngamia isipokuwa kwa kula. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 20, inakataza kukata miti ya matunda wakati wa kuuzingira mji. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni huruma kwa miti. Sasa naona ni hesabu. Mti wa matunda ni chakula cha mwaka ujao na cha mwaka utakaofuata, cha mtu ambaye hana lolote katika ugomvi wa leo, huenda hata hajazaliwa. Waliotoa agizo hilo walijua kwamba vita vina tabia ya kukopa kwa watu wasiokuwapo, wakajaribu kuizuia.

Hatujaizuia. Mwaka 2024 matumizi ya kijeshi ya dunia, kwa hesabu ya SIPRI, taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, yalifika dola bilioni 2,718, ongezeko la asilimia 9.4 kwa mwaka mmoja, kubwa kuliko lolote tangu Vita Baridi viishe. Mwaka huohuo misaada ya nchi tajiri ilishuka kwa takribani asilimia 7, ikawa kama dola bilioni 212. Tangu 1970 kuna lengo lililokubaliwa Umoja wa Mataifa kwamba nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao. Nchi chache sana zimewahi kulifikia, na wastani wao wote pamoja mwaka 2024 ulikuwa kama nusu yake. Februari 2025 waziri mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, aliliambia bunge kwamba matumizi ya ulinzi yataongezwa na kwamba fedha zitatoka kwenye misaada, itakayoshuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Angalau yeye alisema wazi fedha zinatoka wapi zinakwenda wapi. Nilisikia tangazo lile nikamkumbuka yule mama. Lile swali lake, nilifikiri, limejibiwa bungeni na hakuna aliyemjulisha.

Rafiki yangu mmoja tuliyefanya kazi naye hukasirika nikifika hapa. Anasema nchi inayotishwa na jirani mwenye silaha haina budi kununua silaha, na kwamba mimi nazungumza kama mtu ambaye hajawahi kulala akisikiliza ndege za kivita. Ana haki ya kusema hivyo, yeye amewahi. Na nakubali kwamba kujilinda ni haki, na kwamba wakati mwingine ni wajibu. Swali langu linaanza baada ya hapo. Ukishakata shauri kwamba lazima ujilinde, gharama unaitoa kwa nani? Unaweza kuwatoza kodi wenye mali wa kwako. Unaweza kukopa na kulipa mwenyewe. Au unaweza kuchukua kutoka fungu ambalo wanaolitegemea hawawezi kukuondoa madarakani. Njia zote tatu zinanunua kombora lilelile. Ulazima wa kujilinda haumlazimishi mtu kuchagua ya tatu.

Na tusidanganyane kwamba bili za vita haziwezi kufuatiliwa hadi kwa mwenyewe. Iraq ilipoivamia Kuwait mwaka 1990, Baraza la Usalama liliunda tume ya fidia mwaka uliofuata. Ikakatwa sehemu ya mapato ya mafuta ya Iraq, madai ya mamilioni yakapokelewa na kukaguliwa, watu binafsi na familia wakatangulizwa mbele ya makampuni na serikali, na mwanzoni mwa 2022 malipo yakakamilika: dola bilioni 52.4. Miaka 30 ya kazi ya uhasibu. Nikiwa mtu wa fani hiyo sioni aibu kusema niliisoma kwa kustaajabu. Ila naona pia kasoro yake kubwa, kwamba kwa miaka mingi waliolipa walikuwa watoto wa Iraq waliokuwa chini ya vikwazo, wasiojua hata mpaka wa Kuwait uko wapi. Hata bili iliyoandikwa kwa jina sahihi inaweza kulipwa na mtu mwingine.

Mwezi mmoja tu baada ya malipo hayo kukamilika, Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ilitoa hukumu ya fidia katika kesi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dhidi ya Uganda, kwa mambo ya vita vya 1998 hadi 2003. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Ikapewa milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa ajili ya mali, milioni 60 kwa ajili ya maliasili kama dhahabu, almasi, mbao na koltani. Sababu kubwa ya kupungua hivyo ilikuwa ushahidi. Hakukuwa na hati za kutosha. Hilo naliamini na ndilo linaloniumiza. Mwenye kisima cha mafuta ana rekodi za kila pipa, ana mawakili, ana wakaguzi waliokwenda baada ya wiki. Aliyechomewa nyumba msituni ana kumbukumbu na kovu. Tunapodai stakabadhi kwa kila hasara, haki yenyewe inaanza kufuata utajiri. Nimedai stakabadhi maisha yangu yote, na siku niliyosoma hukumu ile nilifunga faili nikatoka nje kutembea.

Haiti, iliyokuwa koloni la Ufaransa, ilitozwa fidia kwa kosa la kushinda. Mwaka 1825 Ufaransa ilituma meli za kivita na kudai faranga milioni 150 kutoka kwa watu waliojikomboa utumwani, walipwe waliokuwa mabwana zao. Baadaye kiasi kikapunguzwa hadi milioni 90, lakini Haiti ilikuwa imeshakopa kwenye benki za Ufaransa ili kulipa, na mikopo iliyotokana na deni hilo ilikwisha 1947. Lakini mwaka 1953, mjini London, Ujerumani Magharibi ilisamehewa takribani nusu ya madeni yake ya nje, na malipo yaliyobaki yakapangwa yaendane na uwezo wa biashara yake, miaka 8 tu baada ya vita ambavyo Ujerumani yenyewe ilivianzisha. Nadhani uamuzi wa London ulikuwa wa busara. Nadhani pia kwamba uliwahi kutolewa, hivyo hauwezi kuitwa ndoto pale nchi maskini inapouomba.

Ningependa kuona jambo moja dogo likifanywa. Kila mkataba wa kuuza silaha kati ya nchi na nchi ukatwe sehemu, iliyowekwa kwa sheria na si kwa hisani, iende kwenye mfuko wa chakula cha waliokimbia vita. Marekani peke yake iliuza zaidi ya asilimia 40 ya silaha kubwa zilizovuka mipaka kati ya 2020 na 2024, ikifuatwa na Ufaransa na Urusi, na zote tatu zina viti vya kudumu kwenye Baraza la Usalama. Kama mapato ya mafuta ya Iraq yaliweza kukatwa kwa miaka mingi, mauzo haya nayo yanakatika. Wataalamu wataniambia ni vigumu. Tume ya Kuwait nayo ilikuwa vigumu, ikafanywa kwa sababu waliotaka ifanywe walikuwa na nguvu.

Nirudi kwa mama. Mwezi uliofuata alikuja na kopo lake mwenyewe, lisilokatwa, sijui alilipata wapi, huenda lilitoka kwenye mgao wa zamani. Mgawaji alipommiminia, yeye akahamishia maharage kwenye kopo lake, akalitikisa kidogo yatulie, akatoa msumari kwenye pindo la kanga na kukwaruza mstari mahali yalipofika. Akafanya hivyo mwezi wa pili, na wa tatu. Mwezi wa nne mgao ulishushwa tena, na mstari mpya ukakaa chini ya ile mingine.

Nilimwomba nilitazame. Akanipa. Nililigeuza kwenye mwanga nikahesabu mikwaruzo, nikalinganisha na daftari langu. Ilikuwa sawasawa. Kwenye vitabu vyangu mwezi ule kulikuwa na vocha ya malipo ya fundi wa bati, "kukata makopo, mara ya pili", na fungu la upungufu wa fedha za wafadhili. Kutoka mkwaruzo wake wa chini kabisa hadi ukingoni palikuwa patupu, nusu ya kopo na zaidi.

"Bado hujanijibu," akasema, akachukua kopo lake.